KALAMU YA MWANAMKE NI IPI?

Mwaka 2012 kampuni ya Bic ya Ufaransa, ambayo kalamu zake hata mtoto wa darasa la kwanza azijua, ilikuwa ikiuza kalamu maalumu za akina mama. Zilikuwa za rangi ya waridi na zambarau, zikasifiwa kuwa zakaa vizuri mkononi mwa mwanamke. Twauliza: je, zile za zamani mama zetu walikuwa wakizishika kwa miguu?

Ndugu wasomaji, tukiacha mzaha, nyuma ya rangi hiyo kuna fedha. Mwaka 2015 idara ya kutetea wanunuzi ya mji wa New York, Marekani, ililinganisha bei za vitu karibu 800 vyenye namna mbili, cha kike na cha kiume. Cha kike kilizidi kwa wastani wa asilimia 7. Dawa za nywele zilizidi kwa asilimia 48! Skuta moja ya mtoto, ile ya kusukuma kwa mguu, nyekundu iliuzwa dola 24.99 na ya waridi dola 49.99. Duka likasema ni kosa, likashusha bei. Ajabu ya kosa hilo ni kwamba lilimwangukia msichana.

Wako wasemao hakuna aliyelazimishwa. Asiyetaka ya waridi anunue nyekundu. Sisi hatuna ugomvi na rangi, wala na mama apendaye manukato. Ugomvi wetu ni na yule amfundishaye binti tangu utotoni kwamba kitu cha kawaida si chake, kisha amtoze ada ya somo hilo. Hiyo ni dharau, na juu ya dharau ni unyonyaji.

Wala tusidhani mfanyabiashara atajirekebisha mwenyewe. Hapa Tanzania serikali iliondoa kodi ya VAT katika taulo za kike mwaka 2018. Mwaka 2019 ikairudisha, ikisema bei madukani haikushuka. Msichana wa shule hakupata kitu.

Jimbo la California limekataza, tangu Januari 2023, kutoza bei mbili kwa vitu vinavyofanana kwa sababu tu kimoja ni cha kike. Ni jambo jema, ila sheria hiyo yaruhusu bei kutofautiana iwapo gharama za kutengeneza ni tofauti. Twamjua mwenye kiwanda: atatia tone la marashi, aliite gharama. Wakaguzi waanzie kwenye tone hilo.