Spika ya nje na nusu ya darsa



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wa Gitega na Muyinga, mada ya leo si ya fiqhi wala ya nahau. Ni ya waya. Tunajua baadhi yenu mtashangaa mwalimu wa madrasa kuandika habari za waya, lakini jambo hili linagusa haki ya watu wanaokaa nje kila tunapofanya darsa, na wengi wao ni akina mama wenye watoto wadogo.

Hali yenyewe ni hii. Siku hizi darsa nyingi tunazipiga kutoka kwenye simu, flashi au kompyuta. Ndani kuna spika mbili, nje ukutani kuna honi moja. Sauti iliyorekodiwa kwa stereo huja kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Sasa honi ya nje ni moja, basi aliyefunga mitambo huchomeka kichwa kimoja cha waya kwenye amplifaya ya nje, mara nyingi kile cheupe ambacho ni cha kushoto, na kile chekundu hukiacha kikining'inia. Sauti inatoka, watu wanasema alhamdulillah, kazi imekwisha.

Kumbe nusu ya darsa haijatoka. Kwa kisomo cha Qur'ani cha msomaji mmoja huenda mtu asitambue, sababu sauti yake kwa kawaida imewekwa sawasawa pande zote mbili. Shida iko kwenye darsa za maswali na majibu zilizorekodiwa kwa vipaza sauti viwili, kimoja cha muulizaji na kimoja cha sheikh, kila kimoja upande wake. Aliye nje anasikia swali la zaka, halafu kimya kirefu, halafu swali la talaka, halafu kimya tena. Akina mama fulani wa Muyinga walituambia kwamba walidhani sheikh anajibu kwa maandishi! Tulicheka, lakini si jambo la kuchekwa. Mwenye kusikia swali bila jibu hulitungia jibu lake njiani, na akifika nyumbani huwaambia watoto kwamba ndivyo ilivyosemwa msikitini.

Tunapoliuliza hili huwa tunajibiwa, "Huko ni nje tu, inatosha." Sisi hatukubali. Yule mama hakukaa nje kwa kupenda jua. Amekaa nje kwa sababu ndani kumejaa, au kwa sababu mtoto analia na hataki kuwasumbua walio ndani. Haki yake katika darsa ni sawa na ya aliyekaa safu ya kwanza.

Wengine hukimbilia kuongeza sauti. Hapo tunawakosea majirani bila kumsaidia msikilizaji, maana nusu ikipigwa kwa nguvu hubaki nusu. Imepokewa kwa Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) akiwa katika i'tikafu aliwakataza watu kuudhiana kwa kupandishiana sauti za kisomo, na hao walikuwa wakisoma Qur'ani. Saudi Arabia mwaka 2021 wizara inayosimamia misikiti ilitoa agizo kwamba spika za nje ziwe za adhana na iqama tu, na sauti yake isizidi theluthi ya nguvu ya mtambo. Hatusemi kwamba agizo la kule ndilo sheria ya hapa kwetu. Tunasema tu kwamba sauti ndogo iliyo kamili inatosha ua mzima.

Wengine wanataka uchangishwe mchango wa honi ya pili, moja ya kushoto na moja ya kulia. Fedha hiyo heri inunulie watoto misahafu. Stereo inamfaa mtu aliyekaa katikati ya spika mbili. Uani watu wametawanyika, huyu chini ya mwembe, yule karibu na lango, na kila mmoja atasikia zaidi honi iliyo karibu naye. Tena honi hizi zimeundwa kubeba maneno ya mtu hadi mbali, si kupamba sauti. Honi moja yatosha, ila ipewe pande zote mbili zikiwa zimechanganywa pamoja, yaani mono.

Njia ya kwanza haina gharama. Simu nyingi za kisasa, za Android na za iPhone, zina kitufe cha sauti ya mono ndani ya mipangilio, kwenye sehemu ya kuwasaidia watu wenye ulemavu. Kiliwekwa kwa ajili ya mtu asiyesikia kwa sikio moja, naye akitumia kifaa cha sikio kimoja asikose nusu ya maneno. Spika yetu ya nje ni kama mtu huyo. Ukikiwasha, kila upande wa waya unabeba sauti yote, na hata ukichomeka kichwa kimoja hupotezi kitu. Kwa kompyuta, programu ya bure ya Audacity hugeuza rekodi ya stereo kuwa mono kwa dakika chache.

Ikiwa mtambo wenu hauna kitufe hicho, mwendeeni fundi redio. Mwambieni achukue rezista mbili za ohmu 470, au hata 1000, aweke moja kwenye waya wa kushoto na moja kwenye wa kulia, kisha ncha zake aziunge pamoja ziingie kwenye amplifaya kama waya mmoja. Waya wa ardhi, ule wa nje unaozunguka, unaungwa moja kwa moja. Sauti itapungua kidogo, na mtaipandisha kidogo. Rezista hizi ni vitu vidogo mno, na fundi wengi wanazo kwenye bodi za redio mbovu. Kazi yake ni kuzuia upande mmoja usiusukume mwingine. Ukiziunga nyaya mbili tupu bila rezista, kila upande unakuwa mzigo kwa mwenzake, sauti inakwaruza, na mwisho simu inaweza kuharibika.

Vijana, hapa sikilizeni vizuri. Tunazungumzia waya wa kuingia kwenye amplifaya. Zile nyaya zinazotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika msiziunge kabisa, si kwa rezista wala bila rezista. Amplifaya za gari tunazofunga kwenye betri umeme ukikatika ndizo za kuogopwa zaidi, kwani nyingi haziruhusu hata nyaya hasi za pande mbili kugusana. Zitaungua, na mfadhili aliyezinunua hatanunua nyingine.

Kuna na kioja kimoja tulichokutana nacho Gitega, tunakitaja kwa sababu kiliwatesa watu wiki nzima. Waya wa stereo wa simu ulichomekwa kwenye tundu la kipaza sauti lililoundwa kutoa upande mmoja kutoka kwa mwingine. Kwa kuwa sauti ya msomaji ilikuwa sawa pande zote mbili, ilijifuta yenyewe, na nje ukabaki mwangwi peke yake, kama mtu anasoma ndani ya kisima. Watu walilaumu rekodi, wakalaumu honi. Dawa ilikuwa ni waya mwingine.

Mkimaliza kufunga, msijaribu kwa nasheed. Wekeni ile rekodi yenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili, mtumeni mtoto akasimame chini ya honi. Akirudi na swali pamoja na jibu lake, fundi alehemu.