Eti kusolda ni kazi ya fundi?

Juzi mwenzangu kazini, tunayeketi naye meza moja huku Kilimani, aliona nimeungua kidole akauliza kulikoni. Nikamwambia nimejiundia pedali ya gitaa. Akacheka: "Na digrii yako je? Si ungempa fundi?" Neno hilo limenikaa kooni tangu Jumatatu, leo nalitema.

Pedali yenyewe ni nakala ya Fuzz Face, kile kisahani cha duara ambacho Arbiter wa London walikitoa mwaka 1966, kinachofanya gitaa likwaruze. Ukiifungua hukuti muujiza: transista 2, rezista 4, kapasita 3 na vidhibiti 2 vya kuzungusha. Vipande 11 na betri ya volti 9, basi.

Nilinunua seti ikiwa na kila kitu mfukoni pamoja na mchoro. Wapo wanaosema kuunganisha seti si ujuzi, ni kufuata namba kama mtoto anayepaka rangi. Sawa. Na wewe programu ulijifunzaje? Ulinakili mistari ya mtu kutoka kitabuni, ikakataa, ukahangaika mpaka ukaona nukta-mkato uliyoisahau. Ulijifunza pale ilipokataa.

Yangu nayo ilikataa. Nilivunja mguu wa transista moja, BC547, nikashuka Luthuli Avenue kutafuta nyingine. Dukani nikapewa 2N3904: "Ni ile ile tu." Kwa kazi hii, karibu ni kweli. Lakini zitazame upande wake bapa, miguu ikielekea chini: BC547 huanza na kolekta kushoto na kuishia na emita, 2N3904 huanza na emita. Imepinduliwa! Mimi na digrii yangu tukaipachika vilevile mchoro ulivyoonyesha. Gitaa likalia kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Nikakagua viungo vyote, nikachoma upya vile ambavyo solda iliganda bila kung'aa. Saa 2 nzima, nzi bado yumo.

Nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza redio Kawangware. Akautupia mchoro jicho, akaweka mita kwenye kolekta ya transista ya pili. "Hapa panataka nusu ya betri, kijana." Haikuwa nusu. Akaifyonza solda, akaigeuza transista, mita ikasoma volti 4 na nusu hivi. Dakika 10, na bado alikuwa akibishana na jirani kuhusu mpira.

Mimi miaka 4 chuoni nilichora transista kwenye karatasi za mtihani. Pasi ya solda sikuwahi kupewa hata siku moja. Halafu sisi ndio tunaosimama kwenye makongamano tukilia kwamba Kenya haitengenezi vifaa vyake! Tunaandika programu za kufuatilia pikipiki juu ya bodi zilizotoka Shenzhen. Ikifa moja tunaagiza nyingine, kwa sababu ofisi nzima hakuna anayejua mita inawekwa wapi. Na yule anayejua tunamwita "jua kali" kwa kejeli.

Haya, ndugu yangu wa meza moja: Jumamosi asubuhi niko Luthuli natafuta kapasita, kisha naunda ya pili. Karibu. Pasi ya ziada ninayo, ila uishike upande wa plastiki.