Fundi, usiweke jeki hapo

Masika yaliyopita zulia la nyuma ya kiti cha dereva kwenye IST yangu lilianza kulowa. Nikadhani ni mpira wa mlango. Fundi bodi wa hapa Tanga akalala juu ya kipande cha boksi, akamulika kwa simu, akaniita: "Mama, njoo uone mwenyewe." Ule ukingo wa bati unaopita chini ya milango ulikuwa umelala kama sikio la mbwa. Alipoukwangua juu kidogo kwa bisibisi, bisibisi ikazama.

Hapo ndipo palipokuwa pakiwekwa jeki, tena si mara moja. Kila nikipeleka gari kubadilisha bushi, kijana husukuma jeki ya trolii uvunguni, akaanza kupampu pale kichwa kilipogusa chuma. Mimi niko kwenye benchi nakunywa chai.

Vijana siwalaumu sana. Wengi wamefundwa na wazee waliokulia kwenye Land Rover na Land Cruiser, magari yenye chesisi nene iliyojitenga na bodi. Pale ukiweka jeki kwenye chesisi au chini ya difu, gari linainuka bila neno. Magari madogo kama IST na Vitz hayana chesisi ya namna hiyo. Bodi ndiyo chesisi, nayo ni bati lililokunjwa na kuchomelewa. Kila upande una sehemu mbili zilizotiwa nguvu, moja nyuma ya gurudumu la mbele, nyingine mbele ya gurudumu la nyuma, na ukingo una mapengo madogo yanayokuonyesha jeki ikae wapi. Jeki ya mkasi inayokuja na gari ina mfereji kichwani ili ukingo uingie humo usipondwe. Ya trolii kichwa chake ni sahani ya chuma tupu. Ukingo unakunjika, rangi inapasuka, na hewa ya chumvi yetu ya pwani inamalizia kazi.

Wapo wanaokwepa ukingo wakaenda kwenye sampo, eti wameweka ubao. Sampo ikibonyea, bomba linalovuta oili liko karibu kabisa na kitako chake. Injini inaweza kukosa oili huku kijiti cha kupimia kinasema imejaa.

Mimi nilikwenda kwa mshona katambuga sokoni. Akanikatia kipande cha tairi la lori, ukubwa wa kiganja, cha kukaa juu ya kichwa cha jeki, akabandika vingine viwili juu yake na kuacha mfereji katikati. Elfu mbili. Gereji inayonitoza mara kumi na tano ya hiyo kwa kufunga shokamzoba mbili inashindwaje kuwa na vinne? Hata nyumbani, mwanangu akitaka kuzungusha matairi, kipande hicho hutoka kwanza, pamoja na mawe ya kuzuia magurudumu na stendi, maana chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake haingii mtu kwangu.

Juzi nilikitoa kwenye mkoba mbele ya kijana wa gereji. Akacheka: "Mama, leo gari umelivalisha ndala?" Nikamwonyesha mapengo kwa kidole, akaiweka jeki hapo, nami nikachuchumaa pale pale mpaka gurudumu likaacha ardhi. Chai ilipoa.