Tope la Bahari na Asili Yetu

Maji yanapokupwa na ukapita kando ya mikoko, pua yako hukutana na harufu kama ya yai viza. Wengi wetu huongeza mwendo na kusema kwamba tope limeoza. Kumbe harufu ile ni dalili ya kazi inayofanyika usiku na mchana. Chini kidogo ya uso wa tope hakuna oksijeni. Huko wanaishi bakteria ambao badala ya oksijeni hutumia salfeti iliyomo katika maji ya chumvi, na gesi inayotukera pua ni taka za kiwanda chao.

Tope la namna hii limetandazwa juu ya sehemu kubwa ya sakafu ya bahari zote za dunia. Sentimita moja ya ujazo ya tope la juu huweza kuwa na mamia ya mamilioni ya viumbe wasioonekana kwa macho. Wapo wanaozalisha gesi ya methani, na wapo wanaoila gesi hiyo kabla haijapanda hewani na kuongeza joto la dunia. Basi tope tunalolidharau linatulinda pasipo sisi kujua.

Lakini leo nataka tuzungumze juu ya jambo kubwa zaidi, nalo ni asili yetu wenyewe.

Mwaka 1977, Carl Woese na George Fox wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walionyesha kwamba baadhi ya vijidudu vilivyodhaniwa kuwa bakteria si bakteria hata kidogo, bali ni ukoo wa peke yake. Ukoo huo leo huitwa arkea. Mwaka 2015, wataalamu walioongozwa na Thijs Ettema wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walichunguza tope lililotolewa kati ya Greenland na Norway, mahali penye kina cha zaidi ya mita 3,000. Hawakukiona kiumbe chenyewe. Walisoma chembe zake za urithi zilizokuwa ndani ya tope. Humo walikuta arkea mwenye jeni zinazofanana na zile zinazojenga seli za mimea, wanyama na binadamu. Ilikuwa kama kuokota barua ya ndugu ambaye sura yake haijapata kuonekana.

Sura hiyo ilipatikana Japani. Mwaka 2006, watafiti walichota tope kutoka kina cha mita 2,533 katika bahari ya nchi yao. Hiroyuki Imachi na wenzake walilitia katika chombo chenye sifongo, cha aina iliyobuniwa kwa kusafisha maji machafu, wakalilisha gesi ya methani kwa zaidi ya siku 2,000. Kisha wakahamishia vijidudu katika chupa ndogo na kuvipa chakula, yakiwamo maziwa ya unga, pamoja na dawa za kuzuia bakteria wasiotakiwa. Walihitaji subira kweli kweli, kwa maana kiumbe walichokuwa wakikitafuta huchukua siku 14 hadi 25 kugawanyika na kuwa wawili, hali bakteria wengine humaliza kazi hiyo kwa dakika 20 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kazi hiyo ilikuwa imechukua takriban miaka 12.

Walichokiona ni kijiduara kidogo mno. Ukiigawa milimita moja katika mafungu 1,000, upana wake ni kama nusu ya fungu moja. Kimeota mikono mirefu yenye matawi, na hakiwezi kuishi peke yake. Hula vipande vya protini na kutoa haidrojeni, ambayo jirani yake huichukua na kutengenezea methani. Jirani asipoiondoa taka hiyo, maisha ya mwenzake hukwama.

Hapo ndipo watafiti wanapoona mwanga. Inaaminika kwamba zaidi ya miaka bilioni moja na nusu iliyopita, arkea wa ukoo huu aliishi kwa ujirani na bakteria anayetumia oksijeni, akamkumbatia, mwishowe akamweka ndani ya mwili wake. Bakteria huyo hakumeng'enywa. Wazao wake ndio mitokondria, vinu vidogo vinavyotoa nguvu ndani ya seli zetu. Namna hasa kumbatio hilo lilivyotokea bado inajadiliwa, lakini kila pumzi uivutayo, msomaji, inapeleka oksijeni kwa mgeni huyo aliyegeuka mwenyeji.

Viumbe wengi wa topeni bado hawajapata kufugwa katika maabara hata mara moja. Wanajulikana kwa jeni zao tu. Wakati huohuo, zipo kampuni zinazotaka kuchimba madini katika sakafu ya bahari kuu. Kuvuruga tope ni kazi ya siku moja. Kumjua kiumbe mmoja aliyemo humo kumechukua miaka 12. Ni busara kwanza kujua kilichomo, ndipo tuamue kuchimba.

Na mtoto wako akikuuliza kwa nini tope la mikokoni linanuka, usimfukuze. Mweleze kwamba humo wamo wafanyakazi, na kwamba katika tope la mbali zaidi wamo jamaa zetu wa kale.