Kitundu Kidogo, Mfupa Haudanganyi

Huku Nambale tulikua na manati, kwa hivyo bunduki ya upepo unaiona mchezo wa kulenga njiwa tu. Acha hiyo, buda. Kijirisasi chake kina upana wa milimita 4.5 hivi, lakini kikipata mfupa mwembamba wa panja au wa tundu la jicho, chaweza kufika ubongoni. Ngozi itakudanganya: unaona kitundu, unapaka dawa, unalala. Mfupa haudanganyi. Tundu la fuvu huwa jembamba nje, pana ndani. Hapo ndipo mpasuaji maiti husoma risasi iliingilia wapi. Lakini mbona tungoje maiti? Mtoto akipigwa, usichokonoe. Mkimbize hospitali apigwe eksirei, kisha chukua P3 polisi, daktari aijaze. Na bunduki? Ifungie.