Bangi: majirani wabadili sheria, RDC ifuate njia gani?

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kulima, kuuza na kuvuta bangi ni marufuku. Lakini kwa majirani na kusini mwa bara sheria zinabadilika, na swali linarudi: je, anayevuta aendelee kupelekwa gerezani?

Afrika Kusini imekwenda mbali. Septemba 2018, Korti ya katiba iliamua kwamba mtu mzima anaweza kulima na kuvuta bangi nyumbani kwake. Tarehe 28 Mei 2024, rais Cyril Ramaphosa alitia sahihi sheria inayothibitisha haki hiyo. Kuuza bado ni kosa.

Rwanda ilichagua njia nyingine. Tangu 2021, makampuni yenye kibali yanaweza kulima bangi ya dawa na kuiuza ngambo, lakini raia anayevuta anaadhibiwa kama zamani. Nchini Uganda, Mei 2023, Korti ya katiba ilifuta sheria ya dawa za kulevya kwa sababu wabunge hawakutimiza idadi inayotakiwa siku ya kuipitisha. Haikuwa ruhusa ya kuvuta: bunge lilipitisha sheria mpya baadaye.

Kwa hiyo, kuna mambo matatu ambayo watu huchanganya: kuacha kumfunga mvutaji, kuruhusu biashara, na kulima kwa ajili ya dawa.

Mashariki mwa Congo, kila moja lina uzito wake. Huko Lubero, Kivu Kaskazini, mkulima anajua kwamba gunia la viazi linaweza kuoza njiani barabara ikiharibika. Bangi ni nyepesi, haiozi upesi, na mnunuzi anaifuata shambani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekwisha kuonyesha kwamba FDLR ilijipatia pesa kupitia biashara hiyo.

Hapo ndipo penye shida. Kuacha kumfunga mvutaji kunaweza kupunguza msongamano katika magereza na kuwanyima askari wabaya nafasi ya kuwatoza vijana pesa. Lakini hakutagusa mapato ya wenye silaha, kwa kuwa wao hutoza wakulima na wachuuzi, si mvutaji. Nayo bangi ya dawa inahitaji mashamba yanayolindwa, maabara na ukaguzi wa serikali. Ni vigumu kuvipata mahali ambapo serikali yenyewe haifiki.

Wazazi wanaopinga nao wana hoja: bangi inaharibu akili ya kijana anayeanza mapema, na vituo vya kutibu waliozoea dawa za kulevya ni haba sana.

Wabunge wakitaka kugusa sheria hii, waanze na swali moja: nani anafaidika leo na marufuku? Mvutaji anafungwa, mkulima anabaki maskini. Anayesimamisha kizuizi barabarani, yeye anaendelea kuhesabu pesa. Sheria isiyomgusa huyo, iwe kali ama nyepesi, haitabadili mengi kule Lubero.