Kazi iko mtandaoni, makazi yako Lisbon: familia ijiulize nini kabla ya safari?



Ndugu msomaji, katika miezi ya karibuni familia zaidi ya moja zimefika katika ofisi ya kamati na swali linalofanana, nasi tumeona swali hilo lina haki ya kujibiwa katika ukurasa huu. Kijana amesoma, amepata ajira katika kampuni ya ng'ambo, na kampuni hiyo haimtaki afike ofisini. Kazi yake yote huifanya kwa kompyuta na mtandao. Sasa kijana anasema: ikiwa kazi yangu haina mahali maalumu, kwa nini nisikae Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ambako wenzangu wengi wamekwenda? Baba huuliza kama huko kuna Waislamu. Mama huuliza atakula nini. Mke, akiwa yupo, hukaa kimya akijiuliza yeye na watoto wamewekwa wapi katika hesabu hiyo.

Hatuandiki kumzuia mtu, wala kumsukuma. Kutafuta riziki ya halali ni jambo la heshima, na ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana. Tunachotaka ni familia ikae kitako, ifahamu inachokubali, na imwage kijana wake kwa radhi badala ya kwa wasiwasi.

Mji ambao si mgeni kwetu

Tuanze na swali la baba. Lisbon ilikuwa mji wa Waislamu kwa zaidi ya miaka 400, tangu karne ya nane hadi mwaka 1147 ilipotekwa na mfalme Afonso Henriques. Mtaa wake wa kale wa Alfama bado una jina lenye asili ya Kiarabu. Waislamu waliobaki baada ya mji kutekwa walitengewa makazi chini ya kilima cha ngome, mahali panapoitwa Mouraria hadi leo. Waliishi hapo kwa zaidi ya karne tatu, mpaka mfalme Manuel wa Kwanza alipotoa amri mwishoni mwa mwaka 1496 ya kuwafukuza Wayahudi na Waislamu katika ufalme wake.

Miezi michache baadaye, Julai 1497, mfalme huyo huyo alimtuma Vasco da Gama kutoka bandari ya Lisbon. Aprili 1498 merikebu zake zilikuwa Mombasa na Malindi. Yaliyofuata wazee wetu waliyaona kwa macho yao: mwaka 1502 da Gama alirudi na kumlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, na mwaka 1505 Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa kisha Mombasa. Dhahabu ile ya Kilwa haikupotea. Ilifuliwa chombo cha ibada ya kanisa kilichokamilika mwaka 1506, nacho kipo mpaka leo katika jumba la makumbusho ya sanaa za kale mjini Lisbon. Kijana wetu akienda huko, tunamuusia akakitazame. Atambue kwamba anakanyaga mji ambao jiwe lake na dhahabu yake vina habari za kwao, na kwamba maneno meza, leso na bendera yalisafiri kwa merikebu hizo hizo kuingia katika lugha yetu.

Waislamu wa leo wa Lisbon pia wana uhusiano na pwani yetu. Jumuiya yao ilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi, wengi wao kutoka Msumbiji, na baada ya Msumbiji kupata uhuru mwaka 1975 familia nyingi zenye asili ya Kihindi zilihamia huko. Msikiti mkuu wa mji ulifunguliwa mwaka 1985. Katika miaka ya karibuni Mouraria imejaa Waislamu kutoka Bangladesh, wenye maduka ya nyama ya halali na vyumba vya sala, katika mtaa ule ule ambao Waislamu wa kale walifukuzwa. Kwa hiyo mama asihofu sana kuhusu chakula. Samaki ni wengi, nyama ya halali inapatikana. Ila kijana azoee kuuliza, kwani mafuta ya nguruwe hutumika katika baadhi ya vitafunio na mikate, na mvinyo huingia katika michuzi bila kutangazwa.

Saa za kazi na saa za sala

Kazi ya mbali husifiwa kwamba ni ya uhuru. Uhuru huo una saa, na saa hizo ni za mwajiri. Lisbon iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto, kwa kuwa wao husogeza saa zao kila Machi na Oktoba, nasi hatusogezi. Anayefanyia kazi ofisi ya Dar es Salaam au Nairobi inayofunguliwa saa mbili asubuhi, itambidi awe mbele ya kompyuta saa kumi na moja alfajiri katika majira ya baridi. Anayefanyia kazi kampuni ya New York ataanza saa nane mchana na kumaliza saa nne usiku. Huyu wa pili amepata nafuu, kwa sababu angekuwa nyumbani kwetu angemaliza saa sita usiku au saa saba.

Lakini atazame pia jua. Mwezi wa Desemba jua la Lisbon huzama kunako saa kumi na moja na robo jioni, na Alasiri huingia karibu saa tisa. Maana yake ni kwamba Alasiri, Magharibi na Isha zote zitamkuta kazini, na dirisha baina yake ni dogo. Mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, Isha huchelewa sana, na Alfajiri haikawii kufika. Asiyepanga usingizi wake atapoteza ama sala ama kazi. Ushauri wetu ni kwamba kijana amweleze mwajiri mapema, kabla ya kusaini mkataba, kuhusu dakika chache za sala na saa ya Ijumaa. Waajiri wengi hukubali ombi lililotolewa mapema kwa adabu. Wanaloudhika nalo ni mtu kutoweka katikati ya mkutano bila taarifa.

Karatasi na hesabu

Hapa ndipo vijana wengi wanapoteleza. Viza ya utalii ya nchi za Schengen humruhusu mtu kukaa siku 90 katika kila siku 180, na haikuwekwa kwa ajili ya kuhamia. Ureno ilianzisha Oktoba 2022 viza maalumu ya wanaofanya kazi za mbali kwa waajiri walio nje ya nchi hiyo. Sharti lake kubwa ni kipato: mwombaji athibitishe kwamba kwa miezi mitatu iliyopita amepata, kwa wastani, si chini ya mara nne ya kima cha chini cha mshahara cha Ureno. Kwa mwaka 2024 kima hicho kilikuwa yuro 820, hivyo ilihitajika yuro 3,280 kwa mwezi. Anayetaka kwenda na mke na watoto huonyesha uwezo zaidi ya huo. Wengi wa vijana wetu hawafikii kiwango hicho, na ni bora wajue sasa kuliko kujua baada ya kuuza kiwanja.

Aliyefikia kiwango naye asidhani mambo yamekwisha. Idara ya uhamiaji iliyoundwa Ureno mwaka 2023 ilirithi mamia ya maelfu ya maombi yaliyokwama, na kusubiri kibali cha ukaazi kumewachosha wengi. Wenye nyumba mara nyingi hudai kodi ya miezi kadhaa mbele au mdhamini mwenyeji. Nyumba za kale huwa hazina vipasha joto, na baridi yenye unyevu huingia ukutani. Na anayekaa zaidi ya siku 183 ndani ya miezi kumi na miwili huhesabiwa mkaazi kwa sheria za kodi, hivyo atadaiwa kodi ya mapato huko. Kuificha ni kuvunja ahadi aliyoiweka kwa nchi iliyompokea, na Muislamu huheshimu ahadi zake hata mahali asipoonekana.

Haki ya jirani

Lipo jambo ambalo hatujaulizwa na mzazi yeyote, nasi tunaona ndilo zito kuliko yote. Sensa ya mwaka 1981 ilihesabu watu zaidi ya 800,000 katika mji wa Lisbon. Sensa ya 2021 ilihesabu takriban 545,000. Sababu za watu kuhama ni nyingi na nyingine ni za zamani, lakini katika miaka hii ya karibuni kodi za nyumba zimepanda mno. Nyumba za Alfama zimegeuzwa za kupangisha wageni wa siku chache, na mtu anayelipwa mshahara wa Marekani hulipa bila kusita kodi ambayo mwalimu au dereva wa Kireno haiwezi. Mwaka 2023 maelfu ya wananchi waliandamana mitaani wakidai nyumba za kuishi.

Sisi wa pwani tunalijua jambo hili. Tumeona Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu nyumba za urithi zikiwa hoteli, na wenyewe wakisogea pembeni. Linalotuumiza kwetu, tusilifanye kwa wenzetu. Kijana apange kwa mkataba wa muda mrefu, asichukue nyumba kubwa kuliko haja yake, asijisifu mbele ya mwenye nyumba kwamba anaweza kuongeza dau. Ajifunze Kireno cha kusalimia na kununulia mboga. Amjue bibi anayeishi ghorofa ya chini, ambebee mzigo wake kwenye ngazi, kwani mji ule ni wa vilima. Jirani ni jirani, hata akiwa si wa dini yetu, na haki yake kwetu haipungui kwa kuwa sisi ni wapitaji.

Mapatano ya nyumbani

Mwisho, familia ipatane kabla ya tiketi kukatwa. Ikiwa mke anabaki, muda wa kutengana uwe umetajwa na yeye ameuridhia, na matumizi ya nyumba yawe na tarehe. Ikiwa anakwenda, asiwe mfungwa wa chumba kimoja ambamo mume yuko katika mikutano tangu mchana hadi usiku. Awe na darasa, awe na msikiti, awe na wanawake wenzake. Wazazi waambiwe kipato cha kweli, ili wasijenge matumaini juu ya picha za mto Tejo wakati wa machweo. Na kijana awe na akiba ya kumrudisha nyumbani, kwa sababu ajira ya mbali huweza kukatwa kwa barua pepe ya mistari mitatu.

Familia ikijibu maswali haya kwa ukweli, huenda ikasema nenda, huenda ikasema subiri mwaka mmoja. Majibu yote mawili ni mema yakitoka katika mashauriano.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, awape riziki yenye baraka, na awarudishe salama kwa wanaowangoja. Wabillahi tawfiq.